BAKULI LA THELATHINI NA NNE

Riwaya ya Jani la Mvumo: sehemu ya tisa

Ngiiing!

Upatu ulilia mara moja, kisha ukaendelea kuimba peke yake, ngi-ngi-ngi-ngi, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa.

Ma Hmwe Sein alikuwa bado ameushika ufunguo. Mlango wa chumba cha ibada cha marehemu baba yake ulikuwa mbele ya pua yake na kufuli ilikuwa mahali pake. Nyuma ya mlango huo, ndani ya chumba kisicho na mtu, kitu kilikuwa kinalia.

Hapo ndipo tulipomwacha binti wa watu amesimama wiki nzima. Wapo kati yenu walioapa kwamba ni paka. Haya, twendeni tukamwone huyo paka wenu.

"Fungua," alisema U Pe Lwin.

"Siwezi, mjomba. Mkono haunitii."

"Basi nipe mimi."

Mzee huyo mwembamba alichezesha vikaragosi katika jumba la mfalme kwa miaka thelathini, mpaka siku Waingereza walipomchukua mfalme. Tangu hapo, miaka minane sasa, watu wa Mandalay humwita kila linapotokea jambo ambalo macho yao hayaliwezi. Aliyeyadanganya macho ya jumba zima la mfalme si rahisi kuyadanganya ya kwake.

Kufuli ikaachia. Mlango ukasukumwa.

Hapakuwa na paka.

Palikuwa na sanamu ya Buddha, maua ya jana, dirisha lenye nondo, na upatu wa shaba wa pembe tatu ukining'inia kwenye kamba yake, unazunguka, unazunguka, unazunguka. Chini yake, juu ya mbao za sakafu, kulikuwa na jani kavu la mvumo, la kuandikia.

Jani tupu.

Ma Hmwe Sein alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Upatu ulipolia mara ya kwanza, yaya wake Daw Mya hakuiona adhuhuri. Ulipolia mara ya pili, U Kywet, mwendesha mashua wa marehemu baba yake, alikufa akiwa ameketi, vidole vimejikunja kama kucha za kuku. Wote wawili midomo yao iligeuka buluu.

"Sasa ni zamu ya nani?" alinong'ona.

Hatua nzito zilipanda ngazi mbio. Ko Kyaw Ngwe, kaka yake, aliingia akihema, kikoi amekipandisha magotini, miguu imejaa tope. Nyuma yake alikuja Saya Bo Wa, mnajimu wa mtaa, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya njia.

"Nilisema!" alipiga kelele Saya. "Nilisema nyota ya nyumba hii imekaa upande!"

"Ulisema pia mvua itanyesha juzi," alijibu U Pe Lwin. "Siku tatu natembea na mwavuli kama bibi harusi."

"Kejeli tu, mchezesha wanasesere. Kejeli hadi kaburini."

"Acheni!" alifoka Ko Kyaw Ngwe. "Saya, lisome jani."

Mnajimu alipiga magoti. Alitoa kichupa cha mafuta meusi, akachovya kitambaa, akaanza kulipaka jani polepole. Kila mtu wa mji huo anajua kwamba maandishi yaliyochorwa kwa ncha ya chuma hulala ndani ya jani bila kuonekana mpaka mafuta yayaamshe. Lakini kujua hakukumsaidia Ma Hmwe Sein. Alipoziona herufi zikitambaa moja baada ya nyingine, nyeusi, kama sisimizi wanaotoka shimoni, aliuma kiganja chake asipige ukelele.

Saya Bo Wa alisoma, na ile sauti yake kubwa ikawa ndogo:

*Jani limekwisha sema, lisemalo halirudi,*
*Binti wa nyumba hii, kuondoka hana budi,*
*Gogo la saa ya sita, likilia hatazidi,*
*Mwandalieni jeneza, msimpe la zaidi.*



Gogo la saa sita ni lile la nyumba ya watawa, linalogongwa adhuhuri kuwakumbusha kwamba muda wao wa kula umekwisha. Sasa ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Ma Hmwe Sein, mwenye miaka ishirini, mwenye afya, ambaye hata mafua hana, alikuwa amebakiwa na saa nne na nusu za kuishi.

"Mdogo wangu," alisema Ko Kyaw Ngwe taratibu. Alimshika bega, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Usiogope. Kaa, ule kidogo. Nikuletee majani ya chai yaliyochachushwa na karanga? Moyo hautulii tumbo likiwa tupu."

U Pe Lwin alikohoa.

"Binti hali kitu sasa hivi," alisema. "Bwana mdogo, nenda sokoni ukalete maua mapya ya Buddha. Saya, rudi kwenye vitabu vyako ukaangalie kama nyota zina huruma. Saa nne turudi hapa sote."

Ko Kyaw Ngwe alimtazama mzee, akamtazama dada yake, kisha akashuka ngazi bila kuaga.

*

Walipobaki wawili, U Pe Lwin alilala kifudifudi chini ya upatu kama mtu anayesikiliza moyo wa sakafu. Alipitisha kidole kwenye mwanya kati ya mbao mbili. Akakinusa.

"Njoo unuse."

"Nta?"

"Nta ya nyuki. Na hii je?" Kati ya vidole vyake palikuwa na unywele mweusi mrefu. "Singa ya mkia wa farasi, imepakwa nta isikatike. Vikaragosi vyangu mwenyewe vilitembea kwa nyuzi kama hizi. Mtu alisimama chini ya nyumba, katikati ya nguzo zinazoibeba, akavuta, upatu ukalia. Jani alilipenyeza humu humu mwanyani kwa kijiti cha mwanzi. Mzimu haupaki nta, Ma Hmwe."

Binti alitaka kucheka.

"Kwa hiyo si mzimu."

"Si mzimu."

"Ni mtu."

"Ni mtu."

"Mjomba, ungeniachia mzimu wangu! Mzimu ningeuwekea ndizi na nazi ukaondoka zake."

U Pe Lwin alimketisha.

"Sikiliza. Mpaka gogo lilie, usile, usinywe, usitafune hata tambuu. Waliotangulia waliuawa kwa kinywa. Sasa niambie. Tangu alfajiri, nani amefika katika nyumba hii?"

"Hakuna mtu."

"Fikiri."

"Nimefikiri, mjomba. Niliamka, nikapika wali, nikawagawia watawa pale ngazini kama kila siku, nikaja huku kubadilisha maua. Hakuna mtu aliyekuja."

U Pe Lwin aliitikia kwa kichwa, kama ambavyo mtu yeyote wa Mandalay angeitikia.

"Basi amebaki mmoja," alisema. "Yule aliyeingia na tope la uvunguni miguuni, wakati mvua haijanyesha."

"Huyo ni kaka yangu!"

"Una hakika?"

Swali hilo lilimpiga kofi. Si kwa sababu lilikuwa jipya. Kwa miezi mitatu alikuwa analala nalo.

Kaka yake aliondoka mwaka ule wa fujo, mfalme alipochukuliwa. Ma Hmwe Sein alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwanamume aliyerudi majuzi alikuwa na kovu lile lile kwenye kiwiko. Aliujua wimbo wa mama. Alijua habari ya siku Ma Hmwe alipotumbukia kisimani na kuku mkononi. Lakini alikuwa analala chali, na kaka yake siku zote alilala kwa ubavu.

"Nani mwingine alimjua kaka yako vizuri alipokuwa kijana?" aliuliza mzee.

"Yaya Daw Mya. Na U Kywet, walikuwa wanavua pamoja..." Macho yake yalipanuka. "Mjomba. Wote wamekufa."

"Ndiyo."

"Nimebaki mimi tu."

"Ndiyo, mwanangu."

Ngazi ilitoa mlio. Wote wawili waligeuka kwa mshtuko. Ulikuwa upepo, au haukuwa upepo, hawakushuka kuangalia.

"Kaka yako alizaliwa siku gani?" alinong'ona U Pe Lwin.

"Jumatatu. Nguzo yake ni ile ya chui milia, mashariki ya pagoda. Tangu tukiwa wadogo tulikuwa tunakwenda pamoja kumwaga maji, yeye kwa chui wake, mimi kwa panya wangu wa Alhamisi." Mandalay kila siku ya juma ina nyota yake na mnyama wake kwenye nguzo ya pagoda, na aliyezaliwa siku hiyo humwagia maji mnyama huyo.

"Na umri wake?"

"Ishirini na minane."

"Basi nipe chupio yako ya nywele, na jani moja tupu kutoka kwenye sanduku la baba yako."

Alianza kuandika. Ncha ya chupio ilikwaruza jani, kwaru, kwaru, na Ma Hmwe Sein alisoma juu ya bega lake kwa kuliinamisha jani kwenye mwanga.

"Mjomba! Unamwandikia mtu kifo!"

"Naandika uongo. Nimetunga nyimbo za vikaragosi mia mbili, wote walikufa jukwaani, na kesho yake wote walicheza tena." Aliendelea kukwaruza. "Mtu anaweza kujifunza jina la mwenzake. Atajifunza kovu, wimbo, hata kicheko. Lakini mwambie anakufa leo adhuhuri, umwone. Atakimbilia nyota yake mwenyewe. Hakuna anayeomba uhai kwa nyota ya kuazima."

"Na kama jani likisema kweli?"

"Ni jani tu, Ma Hmwe."

Kumbuka maneno hayo, msomaji. U Pe Lwin atayakumbuka maisha yake yote.

*

Saa nne kamili wote wanne walikuwa wameketi mbele ya sanamu. Ko Kyaw Ngwe alikuwa ameleta maua. Saya Bo Wa alikuwa ameleta vitabu vitatu na hakuna hata habari moja nzuri.

"Mshtarii amemgeuzia mgongo," alianza. "Na kwa upande wa Zohali..."

Ngiiing!

Saya aliruka, vitabu vikaruka naye. Upatu ulikuwa unazunguka mbele ya macho yao, na hakuna aliyeugusa. (U Pe Lwin alikuwa amekaa, mikono ameiweka mapajani mahali pa kuonekana. Kidole gumba cha mguu wake, ndani ya kikoi, ndicho kilichokuwa kinaivuta ile singa.)

"Kuna jani," alisema Ma Hmwe Sein. Sauti yake ilitetemeka vizuri kuliko walivyopanga, maana hakuwa anaigiza.

Mnajimu alipaka mafuta. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

*Mauti yameghairi, binti yamwachilia,*
*Kijana wa nyumba hii, sasa yanamwangalia,*
*Aende kwenye pagoda, nyota yake kumwagia,*
*Bakuli kwa kila mwaka, na moja la kuzidia.*

Rangi ilimtoka Ko Kyaw Ngwe usoni kama maji yanavyotoka kwenye kitambaa kikikamuliwa.

"Nani kaandika hili?" aliuliza.

Hakuuliza maana yake. Hakuuliza kwa nini yeye. Aliuliza nani kaandika, na akamgeukia Saya, kisha akayatazama mapengo ya sakafu, kama mtu anayetafuta jicho lililokuwa linamchungulia kutoka chini.

"Nyota ndizo huandika," alisema Saya Bo Wa, naye meno yanagongana. "Mimi nasoma tu, bwana. Miaka yote nasoma tu!"

"Inuka, kaka," alisema Ma Hmwe Sein. "Bado kuna muda. Tutakwenda sote."

*

Jua lilikuwa kali. Waliviacha viatu chini ya ngazi za pagoda, wakapanda pekupeku, na mawe yakawaunguza nyayo. Saya Bo Wa alibaki chini kivulini akisema magoti yake hayampendi.

Walipofika juu Ko Kyaw Ngwe alijilamba midomo.

"Kinywa kimenikauka. Una tambuu, mdogo wangu?"

Ma Hmwe Sein alikuwa amechukua kijaluba chake cha fedha kwa mazoea tu, kama anavyokichukua kila siku. Alikumbuka onyo la mzee. Lakini onyo lilikuwa lake yeye, na aliyetakiwa kuogopwa ndiye huyu anayeomba. Alikifungua. Ko Kyaw Ngwe alichukua jani, akapaka chokaa, akatia popoo, akakunja, akatia shavuni.

Kisha akaenda mashariki.

Moja kwa moja! Bila kusita, bila kutafuta njia, alikwenda mpaka kwenye nguzo ya Jumatatu, akapiga magoti mbele ya chui milia, akachota bakuli la kwanza.

"Moja," alihesabu. "Mbili. Tatu."

Aliimwagia sanamu maji kwa mkono ulionyooka. Hakufanya haraka. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Na moja la kuzidia: ishirini na tisa. Aliinama mara tatu, akasimama, akatabasamu.

"Basi. Nyota imekula, imeshiba."

Ma Hmwe Sein alimtazama U Pe Lwin. Mzee alikuwa amezeeka miaka kumi.

"Nimekosea," alinong'ona. "Ni wa Jumatatu. Ni kaka yako wa kweli."

"Kwa hiyo anayetaka kuniua...?"

"Sijui, mwanangu. Sijui, na robo saa tu imebaki."

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Mpaka dakika hiyo alikuwa na mtu wa kumwogopa, mwenye uso na jina. Sasa alikuwa anaogopa kila kitu: bibi anayeuza mishumaa, njiwa, kivuli cha kengele. Alijibana kwenye ukuta wa pagoda asiguswe na mtu.

"Nimesahau kitambaa changu kule," alisema kaka yake. "Nangojeni hapa hapa, narudi."

Akazunguka nyuma ya pagoda.

Ma Hmwe Sein alihesabu pumzi kumi. Kisha akakumbuka kitu ambacho U Pe Lwin hakukiona. Kitambaa cha kaka yake kilikuwa begani kwake alipokuwa anasema amekisahau.

Aliondoka bila kuaga. Nyayo zake hazikutoa sauti. Alipita nguzo ya Jumanne, na ya Jumatano asubuhi, maana Jumatano ina nguzo mbili, akichungulia, mkono ukutani.

Alisikia maji kabla ya kumwona.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya joka. Nguzo ya Jumamosi, pembe ya kusini magharibi. Hakuwa ananyoosha mkono tena. Alikuwa anachota na kumwaga kama mtu anayezima moto, maji yanamrukia kifuani, na alikuwa analia.

"Thelathini na moja. Nisamehe. Thelathini na mbili. Nisamehe. Thelathini na tatu..."

Bakuli lilisimama hewani. Lilikuwa la mwisho.

"Thelathini na nne," alisema Ma Hmwe Sein nyuma yake.

Bakuli lilianguka likavunjika.

Wakatazamana. Mtu wa Jumamosi, mwenye miaka thelathini na mitatu, alikuwa amepiga magoti ndani ya maji yake, na hapakuwa na uongo wowote uliobaki wa kusema.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Tun Dwe," alisema. "Wa Pyay. Mama yangu anasuka mikeka." Akajaribu kucheka. "Miezi mitatu sijalitamka jina langu. Limekuwa na ladha ngeni."

"Umemuua yaya wangu."

"Sijamuua mtu! Naapa kwa joka hili. Mimi niliazima jina tu. Alinifundisha yeye mwenyewe, wimbo, kisima, kuku, kila kitu. Kovu alinikata kwa kisu chake. Uso wake unatafutwa na serikali, hawezi kuja kudai urithi, kwa hiyo niudai mimi, nimpe yeye. Hakuniambia habari ya kuua. Asubuhi nilipomwona nilishuka uvunguni kumzuia. Nilimwambia, huyo ni dada yako, muache..."

"Yeye nani?"

Tun Dwe alifungua kinywa. Badala ya neno, yakatoka mate mekundu ya tambuu, kisha povu. Alijishika koo. Vidole vilianza kujikunja, kimoja kimoja.

"Mjomba!" Ukelele wa Ma Hmwe Sein uliwarusha njiwa wote wa pagoda. "Mjombaaa!"

U Pe Lwin alifika mbio. Alimtazama mtu aliye chini, midomo ikigeuka buluu, akapiga magoti ndani ya maji.

"Amekula nini?"

"Tambuu. Tambuu yangu. Mimi ndiye niliyempa, mjomba, kwa mkono huu!"

Mzee alikinyakua kijaluba. Aliigusa chokaa kwa ncha ya ukucha, akanusa, akakitupa mbali.

"Ilikuwa ya kwako," alisema. "Kifo hiki kilikuwa cha kwako. Kijaluba kilikuwa wapi leo asubuhi?"

"Pale ngazini. Hukiweka pale ninapogawa wali."

"Uliondoka hata kidogo?"

"Niliingia mara moja kuchukua mchuzi."

"Ukakiacha na nani?"

"Hakuna mt..."

Neno lilikatika katikati.

Ma Hmwe Sein aliziba mdomo kwa mikono miwili. U Pe Lwin alimtazama, na taratibu uso wake nao ukajaa ule ule woga, kwa sababu yeye pia aliuliza nani amekuja, akajibiwa hakuna mtu, akaitikia kwa kichwa. Mtawa hahesabiwi katika watu. Hupita na bakuli lake, kichwa kimenyolewa, macho chini. Mwenye nyumba hupakua wali, macho chini. Nani aliwahi kumtazama mtawa usoni?

"Wa mwisho kwenye mstari," alisema Tun Dwe kwa sauti iliyokuwa inazama. "Yule anayesimama kivulini kufunga kamba ya bakuli. Hilo joho aliliiba. Ko Kyaw Ngwe. Kaka yako. Kila asubuhi... unampa wali."

TUM.

Gogo la watawa.

TUM. TUM.

Adhuhuri ilikuwa imefika, na binti wa nyumba hii alikuwa hai. Mauti yalikuwa yameghairi. Kijana wa nyumba hii ndiye aliyekuwa amelala kwenye maji, kama jani lilivyosema, neno kwa neno. U Pe Lwin aliitazama mikono yake miwili, ile iliyoandika uongo kwa chupio ya nywele.

"Dada," alisema Tun Dwe.

Kwa miezi mitatu alimwita hivyo kwa uongo. Ma Hmwe Sein alikiweka kichwa chake mapajani.

"Niambie."

"Watanizika kwa jina lake. Mama hatajua. Watanililia watu wasionijua, na mama hatajua..."

"Sikiliza," alisema Ma Hmwe Sein. Machozi yalikuwa yanamdondokea mtu yule usoni, lakini alisema kwa sauti kubwa, mbele ya joka, mbele ya mzee, mbele ya bibi wa mishumaa aliyekuja kushangaa. "Nakuahidi, Tun Dwe wa Pyay. Utazikwa kwa jina lako, na mama yako atakuwepo. Na kesho asubuhi nitasimama pale pale ngazini na sufuria langu la wali. Wakifika, nitawapakulia mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Na huyo wa mwisho, nakuahidi, nitamtazama usoni."